Naomba ramani ile ya Kimboza iondolewe

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu enzi lilipokuwa likitufikia Matombo kwa basi la jioni, likiwa limeshapita mikononi mwa dereva, kondakta na nusu ya abiria. Siku hizi nalisoma kwenye simu ya binti yangu. Humo ndimo nilimoiona makala yenu ya mwezi uliopita kuhusu msitu wa Kimboza na mijusi wake wa buluu. Imeandikwa na mtu anayeupenda msitu, hilo halina ubishi, na mke wangu aliniomba nimsomee mara ya pili ile sehemu ya ndege. Lakini mwishoni mliweka picha ya mwamba mmoja wenye mikadi, mkaeleza jinsi ya kuufikia: kutoka daraja gani, unakata upande gani, unatembea dakika ngapi. Chini yake mkachora kiramani chenye alama nyekundu. Nilipofika hapo niliiweka simu chini.

Sitayarudia maelezo hayo hapa. Nataka kuwaeleza mmefungua mlango gani, kwa sababu mimi nimewahi kuufungua mlango huohuo kwa mikono yangu.

Kwa wasomaji wasiomjua, mjusi huyu ni mdogo. Mkia na kila kitu hafiki urefu wa kiganja cha mtu mzima. Dume ni wa buluu kali, ukimwona mara ya kwanza unadhani kuna mtu kampaka rangi, tumbo lake ni la rangi ya chungwa na koo lake jeusi. Jike ni wa kijani au kahawia na wengi humpita bila kumwona. Duniani kote hawapatikani porini ila katika vipande vichache vya msitu vilivyo chini ya milima ya Uluguru, upande wetu wa mashariki. Kimboza yenyewe ni takribani hekta 400. Mwenye miguu mizuri anaizunguka kwa asubuhi moja. Na hata humo ndani hawakai kila mahali. Kwao ni kwenye mkadi, ule mti wa majani marefu yenye miiba pembeni kama msumeno, unaoota juu ya mawe ya chokaa. Dume mmoja hushika mkadi wake pamoja na majike, na hapo ndipo nyumbani.

Naomba hilo lishikwe vizuri, maana hoja yangu yote imesimama juu yake. Ukiandika kwamba tembo kaonekana asubuhi mahali fulani, jioni anayekuja kumtafuta hamkuti. Mjusi wa mkadi ukimwonyesha leo, kesho yupo palepale, na baada ya masika yupo palepale. Aliyeujua mti amemjua mnyama.

Mwaka 2006 walikuja kijijini kwetu watu wawili kwa gari, na mifuko ya kitambaa. Wakauliza nani anaijua mikadi. Mimi nilikuwa naijua tangu utoto wa kuokota kuni, nikajitokeza. Kwa siku nilikuwa narudi na pesa ya unga kilo mbili na kipande cha sabuni, na wakati ule mavuno ya mpunga yalikuwa mabaya, kwa hiyo sikuuliza maswali. Kazi ilikuwa nyepesi: mkadi unakatwa kwa panga, ukishaanguka watu wanakizunguka kilele na kukamata kila kinachokimbia. Nimeangusha mikadi iliyokuwa mikubwa tangu nikiwa mtoto. Mmoja wa wale watu alikuwa na kidude cha GPS mkononi, na kila mwamba niliowafikisha alikuwa anasimama, anabonyeza, anaandika namba kwenye daftari. Sikujua anafanya nini. Baada ya wiki mbili waliniambia hawanihitaji tena. Waliendelea kuja mwaka huo na mwaka uliofuata, wakipita mbele ya nyumba yangu bila kusimama, wanakwenda moja kwa moja kwenye miamba niliyowaonyesha. Nilikuwa nimeshawauzia kila kitu, na sikujua kwamba nimeuza.

Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2012 walikadiria kwamba kati ya Desemba 2004 na Julai 2009, kundi moja tu la wakamataji lilitoa mijusi hawa wasiopungua 32,310, na kwamba huenda walifika 42,610. Kundi moja. Binti yangu alinisomea namba hizo akiwa bado mwanafunzi, hakujua kwa nini baba yake ametoka nje. Walipelekwa Ulaya na Marekani kufugwa kwenye visanduku vya vioo, na wengi walipita kwa majina ya mijusi wengine wa kawaida.

Mwaka 2016 serikali ilizuia kusafirisha wanyamapori hai kwenda nje ya nchi. Januari 2017 mjusi huyu akaingia kwenye Jedwali la Kwanza la CITES, mkataba wa mataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, yaani biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini ikapigwa marufuku. Nashukuru kwa yote mawili. Ila marufuku hiyo inasimamiwa bandarini na kwenye viwanja vya ndege. Kule mwambani hakuna anayekagua mizigo. Kinachomlinda mjusi kule, siku nyingi za mwaka, ni kwamba mgeni hajui aanzie wapi.

Sasa nieleze kilichotokea baada ya makala yenu. Siku ya tisa walifika vijana wawili kwa bodaboda. Walimkuta mtoto wa jirani yangu anauza ndizi barabarani, wakamwonyesha simu, wakamuuliza mwamba huu uko wapi. Ilikuwa picha yenu. Mtoto ana akili, aliwaambia wasubiri akanifuata mimi. Nilipowauliza kibali wakasema ni wanafunzi. Wanafunzi wa wapi? Wakataja chuo. Nikasema basi twende ofisi ya kijiji mkasaini kitabu cha wageni, wakasema wana haraka, wakapanda pikipiki wakaondoka. Wiki iliyofuata wajumbe wawili wa kamati yetu ya maliasili walikuta mikadi mitatu imekatwa karibu na mwamba ule, kilele kimechambuliwa jani kwa jani. Sisemi ni wale wawili. Sikuwaona wakikata, na simsingizii mtu. Ninachokisema ni kwamba kwa miaka kadhaa hatukuwa tumeona mkadi uliokatwa namna ile, na nilipouona niliitambua kazi. Ndivyo tulivyokuwa tukifanya.

Mtaniuliza: mzee, wewe mwenyewe umelitaja jina la Kimboza tangu mstari wa kwanza, kuna siri gani hapo? Swali la haki. Jina la Kimboza haliwezi kufichwa tena. Arthur Loveridge alimtambulisha mjusi huyu kwa wanasayansi mwaka 1952, na tangu hapo msitu umo vitabuni pamoja na jina lake la kitaalamu, Lygodactylus williamsi. Siombi jina lifutwe. Tena nafurahi watoto wa Dar es Salaam wakijua kwamba maji ya mto Ruvu wanayokunywa yamepita kwenye vijito vya msitu wenye kiumbe ambaye nchi nyingine hawana. Kutoka kwenye jina la msitu hadi kwenye mwamba fulani, hata hivyo, pana umbali mkubwa, na umbali huo ndio ulinzi wenyewe. Msitu wote mtu anaweza kuutafuta siku nne akatoka na mikwaruzo ya miiba mikononi na mijusi wawili. Akiwa na alama nyekundu ya kwenye ramani, siku nne zinakuwa saa nne. Na kuna sehemu nyingine, nje ya Kimboza, ambazo kina sisi tunazijua na hazijaandikwa magazetini. Hizo sizitaji hata kwa jina la kijiji.

Mjomba wangu, aliyenilea kama ilivyo desturi yetu Waluguru, alikuwa mrina asali. Alikuwa na mizinga kwenye msitu wa juu ambayo aliirithi. Aliponichukua mara ya kwanza alinipitisha njia ndefu mno, tukavuka kijito kilekile mara mbili, na wakati wa kurudi tukapita njia nyingine kabisa. Nilidhani amepotea. Miaka mingi baadaye, nilipokuwa na mke na mtoto, ndipo aliponionyesha njia ya mkato. Hakuwa mchoyo, asali aligawa kwa kila aliyekuja nyumbani na bakuli. Njia ya mzingani ndiyo aliyoichagulia mtu. Nikiwasikia wataalamu wanajadili taarifa za mahali walipo viumbe adimu zigawiwe vipi, namkumbuka yeye.

Nao wataalamu wenyewe wamejifunza kwa machungu. Kusini mwa China kuna mjusi wa mapangoni aliyeelezwa kwenye jarida la kisayansi mwaka 1999, mahali pake pakatajwa kama utaratibu ulivyotaka. Wakamataji walimfuata hukohuko hadi akaisha kwenye eneo lile lililotajwa. Mwaka 2015 watafiti wengine walipotambulisha aina mbili mpya za ndugu zake, walikataa kuandika mahali walipowapata. Taarifa hiyo waliihifadhi kwa mamlaka na kwa wanasayansi wenye sababu ya kuihitaji. Kama jarida la kisayansi linaweza kuuacha mstari huo wazi, gazeti la kila siku linaweza pia.

Simu ndiyo imeharibu zaidi, na hapa nasema na wageni wanaokuja kwetu kwa nia njema. Simu nyingi, ukiziruhusu, zinaandika ndani ya kila picha namba za mahali ilipopigwa. Huzioni kwa macho, lakini zimo. Nimeambiwa kwamba WhatsApp ukiituma kama picha ya kawaida inaziondoa, ila ukiituma kama faili ili isipoteze ubora zinakwenda nayo. Mwaka jana alikuja kijana mmoja wa chuo, mwenye adabu na kibali chake mkononi, akanionyesha anavyoweka picha zake za viumbe kwenye mfumo wa mtandaoni uitwao iNaturalist, ambao kila mtu anaweza kuutazama. Mfumo ule una busara. Kiumbe akiwa kwenye orodha ya walio hatarini, unapotosha mahali makusudi, ukiitupa alama popote ndani ya eneo lenye zaidi kidogo ya kilomita 20 kila upande. Nilifurahi. Kisha nikamwomba anionyeshe picha zake nyingine za siku ileile. Akafungua kipepeo aliyempiga dakika tatu kabla ya mjusi. Kipepeo ni wa kawaida, hafichwi, na alama yake ilikuwa juu ya mwamba kabisa, mita kumi hivi. Tukatazamana. Mjusi amefichwa, jirani yake amemtaja. Yule kijana alikaa chini palepale akaficha picha zote za siku ile, na alipofika mjini akaandika maelezo yake upya, maana alikuwa ameandika pia kwamba alisikia maporomoko ya maji kwa mbali. Mtu anayeijua Kimboza, kwa maneno hayo tu anakwenda.

Pengine mtu atasema biashara hii imekwisha, nani leo ana shida na kijusi. Mwezi Aprili mwaka 2025, jirani zetu Kenya waliwakamata vijana wawili wa Kibelgiji wakiwa na malkia wa sisimizi wapatao 5,000, wamewatia kwenye vijichupa vyenye pamba, tayari kwa safari. Sisimizi! Mwezi uliofuata mahakama iliwatoza kila mmoja shilingi milioni moja ya Kenya au kifungo cha mwaka mmoja. Kama kuna mnunuzi wa sisimizi, sina sababu ya kuamini kwamba wanunuzi wa mjusi wa buluu wamelala.

Lakini sitaki nieleweke kwamba kila kitu kifungiwe kabatini. Hilo nalo linaua. Mkoani kwetu tunaikumbuka habari ya chura wa Kihansi, kule Udzungwa, aliyekuwa akiishi kwenye manyunyu ya maporomoko, eneo la hekta mbili hivi. Aligunduliwa mwaka 1996, wakati mradi wa umeme wa maji ukiwa umeshaanza. Maji yalipogeuzwa manyunyu yalikauka, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Kama hapangekuwa na mtu aliyejua mahali pale na akaiambia serikali kwa wakati, wasingekuwapo hata wale karibu 500 waliopelekwa Marekani kuzalishwa, ambao wajukuu zao walianza kurudishwa nchini mwaka 2010. Mwenye kupanga barabara, mwenye kutoa leseni ya mawe, mwenye kuchimba dhahabu mtoni, hao lazima wajue mikadi iko wapi, na wajue kwa usahihi. Hata Wakala wa Misitu wanapokata misidrela, ile miti ya kigeni iliyopandwa zamani na sasa inaunyonga msitu wetu, wanatakiwa kujua upande gani mti usiangushiwe. Mwenye mamlaka akijitetea kwamba hakuambiwa, mjusi atakuwa amekufa kwa usiri kama ambavyo angekufa kwa utangazaji.

Na hapa nina lalamiko la miaka mingi. Watafiti wamepita kwetu, wengine wageni, wengine wa vyuo vya hapahapa nchini. Tumewabebea mizigo, tumewaongoza, wamechukua pointi za GPS kwa mamia. Kundi moja lilituahidi kuleta nakala ya ramani kwa kamati ya kijiji. Hadi leo ofisini kwetu hakuna hata karatasi moja. Ramani ya msitu wetu ipo kwenye kompyuta nchi za mbali, mtu wa mbali anaweza kuiomba kwa barua pepe akapewa, na mjumbe wa doria anayelala nje akinyeshewa hana. Nikiwauliza, wananijibu taarifa hizi ni nyeti. Ni nyeti kwa nani? Penye kuku wengi hapamwagwi mtama, hilo nalikubali, lakini anayelinda banda hawezi kuwa wa mwisho kuhesabiwa kuku. Pointi zile ziwe kwa mhifadhi wa misitu wa wilaya, ziwe kwa Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, na ziwe kwenye sanduku la chuma la ofisi ya kijiji, na kila anayezifungua aandike jina lake na sababu. Mwanafunzi mwenye kibali apewe kile anachohitaji kwa kazi yake. Msomaji wa gazeti apewe jina la msitu, picha nzuri, na sababu ya kuupenda. Nadhani hilo halimpunguzii msomaji kitu. Mke wangu aliyeomba kusomewa habari za ndege mara mbili hakuuliza hata mara moja daraja liko wapi.

Ndugu Mhariri, gazeti la karatasi la mwezi uliopita limeshafungia maandazi, hilo haliwezi kurudi. Lakini makala iko bado kwenye tovuti yenu, na mtoto yeyote akiandika jina la mjusi inatokea. Naomba mambo mawili tu. Aya ile inayoanza na daraja iondolewe, pamoja na kiramani chake. Na ile picha ya mwamba ibadilishwe, maana nyuma ya mikadi kunaonekana jiwe lenye ufa wa pembe tatu, na jiwe hilo kila mwenyeji wa huku analijua. Akilipwa pesa ya unga kilo mbili na sabuni atamfikisha mtu. Namjua mtu huyo, nilikuwa mimi. Mwandishi wenu akitaka picha nyingine nitampokea. Aje na kibali cha wilaya, apitie ofisi ya kijiji, nami nitampeleka kwenye mkadi ambao dume lake halina woga, tumpige picha kwa karibu, jani na mjusi peke yake, simu ikiwa imezimwa GPS. Asubuhi saa tatu ndiyo nzuri, jua linapopenya. Siku hiyo tutapita njia ndefu.

Jina langu mnalo. Naomba msilichapishe, kwa sababu wanaonitafuta kuniuliza mahali ni wengi kuliko wanaonitafuta kunisalimu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Msomaji, tarafa ya Matombo, Morogoro Vijijini